Koti Halikupewa Zamu

"Ishara za mikono! Si Lamjed, umempa mtoto alama tano kwa ishara za mikono? Tunaamua mdahalo hapa, au tunachagua mcheza ngoma wa arusini?"

Beya Ouerghi alikuwa wima, ingawa kiti chake kilikuwepo. Chumba walichopewa waamuzi katika jumba la vijana kilikuwa stoo ya michezo, na wote watatu walikuwa wameizunguka meza ya mpira isiyo na wavu, makoti mwilini, maana mji wa Kef uko juu mlimani na baridi ya Februari kule haina mzaha. Heta ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imehamishiwa ukumbini, karibu na miguu ya wageni wa heshima.

"Lalla Beya, ufasaha nao ni hoja," alisema Si Lamjed bila kuinua macho. Kwao "Si" ni kama Bwana, na "Lalla" ni kama Bibi. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa waamuzi: mwalimu mstaafu wa Kiarabu, mtu wa kupiga pasi hata leso, anayekohoa kwanza ndipo aseme habari za asubuhi.

"Ufasaha ni ufasaha, hoja ni hoja. Mtu anaweza kukwambia kwa ufasaha kwamba breki ni ya kuongeza mwendo, nawe ukafa kwa ufasaha."

Mwamuzi wa tatu, Olfa, binti mfamasia aliyekuja kutoka Jendouba kwa kazi hiyo, alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Msichana ameshinda," alisema Si Lamjed. "Kila mwenye macho ameona. Kijana kasimama kutuhubiria kwamba mitumba ni aibu, naye mwenyewe kavaa koti lenye nembo ya klabu ya makasia ya Uholanzi. Makasia, Lalla Beya! Hapa Kef, ambako maji tunayaona bombani tu, tena siku yakipenda!"

"Nimeliona koti."

"Basi?"

"Nani alilisema?"

"Jambo lenyewe halihitaji kusemwa!"

"Linahitaji. Koti halikupewa zamu ya kuzungumza."

Si Lamjed akaweka kalamu mezani polepole, kama mtu anayeweka silaha.

Beya hakuwa mwalimu wa shule wala mwanasheria. Alikuwa akifundisha watu kuendesha gari. Alikuwa na kigari cheupe chenye kibao juu na mikwaruzo kila upande, na kwa kila mkwaruzo alijua jina la aliyeutia. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na sehemu kubwa ya nusu hiyo aliwahi kuiambia usoni kwamba bado haiko tayari kufanya mtihani. Aliwaliza watoto wa madaktari na watoto wa wauza mboga kwa kipimo kimoja, na hakuna aliyewahi kumpelekea kikapu cha machungwa kikamsaidia. Machungwa aliyala, mtu akarudi darasani.

Ndiyo maana walimtaka. Chama cha mdahalo cha mkoa kilikuwa na sharti kwamba kati ya waamuzi watatu mmoja awe raia wa kawaida, asiyefundisha shuleni wala kugombea cheo, mtu anayesoma gazeti na kusikiliza redio basi. Mourad, kiongozi wa klabu ya mdahalo ya vijana, alikwenda akaingia ndani ya kigari chake, akajifunga mkanda kama mwanafunzi.

"Khalti Beya, nimekuja kukuomba uamue midahalo," alisema. Khalti ndivyo vijana wote walivyomwita, kama anavyoitwa mama mdogo.

"Sina muda wa kusikiliza watoto wakipigiana kelele. Hiyo kazi naifanya hapa, tena nalipwa."

"Wewe peke yako mji huu ndiye unayeweza kumwambia mtu ameanguka, kesho yake ukanunua mkate kwa baba yake."

Beya alilichukulia kuwa tusi. Baadaye alipolitafakari, akaliona ni sifa, akakubali. Tangu hapo akawa anajilaumu.

Kilichomtesa hasa ni kanuni moja. Mwamuzi wa mdahalo anatakiwa aingie ukumbini kama debe tupu. Kinachoingia humo ni yale wanayosema washindani, basi. Upande mmoja ukisema uongo, na upande wa pili usiukanushe, uongo huo unasimama, isipokuwa uwe wa kijinga kiasi kwamba hata mpita njia angecheka. Mwamuzi haruhusiwi kumjazia mtu hoja yake iliyobaki nusu, wala kumsaidia kwa yale anayoyajua yeye. Kwa mwanamke ambaye garini mwake ana breki ya pili chini ya miguu, na huikanyaga kabla mwanafunzi hajaliona lori, kukaa ukumbini bila breki ilikuwa adhabu.

Siku ile mambo yalianza vibaya tangu mwanzo. Kabla ya mdahalo kila mwamuzi hutangaza uhusiano wake na washindani, na mwenye undugu wa damu hujitoa. Mourad aliuliza kwa kipaza sauti, "Nani hana uhusiano wowote na mshindani yeyote?" Ukumbi mzima, aliyenyoosha mkono alikuwa mlinzi peke yake, naye alikuwa mtu wa Sfax, mji wa mbali.

"Mimi ni jirani wa huyu msichana, Rihem," Beya alitangaza. "Ukuta wetu ni mmoja. Nimemjua kabla hajaota meno."

Mwalimu wa timu ya pili alisimama. "Mwacheni abaki. Huyu alimwangusha kaka wa msemaji wetu, Skander, mara tatu kwenye maegesho tu. Hana huruma kwa mtu, atatufaa."

Watu walicheka, Beya akabaki.

Mada ilikuwa kwamba nchi ipige marufuku kuingiza mitumba. Wao huiita frip, na hakuna nyumba Kef isiyokuwa nayo kabatini, hata ile inayokana. Skander, mtoto wa daktari wa meno, ndiye aliyeongoza upande wa kutaka marufuku. Rihem aliongoza upande wa kupinga, na kwa bahati mbaya au nzuri, mama yake, Mbarka, ndiye muuza mitumba anayejulikana kuliko wote katika soko la Jumapili. Pande zilipangwa kwa droo. Hakuna aliyemchagulia upande. Mshindi angekwenda Tunis, mji mkuu, na timu yake.

Rihem alianza vizuri mno. Alizungumza juu ya wapagazi wanaoshusha marobota, wanawake wanaochambua, mafundi wanaobadilisha zipu na kupunguza pindo, watoto wanaopiga pasi. Aliuliza hawa watakula nini. Upande wa pili ulijibu kwa takwimu za viwanda, akazipangua moja moja. Wakaleta habari za magonjwa, akawauliza ni mgonjwa gani, wakamwangalia tu. Beya alikuwa akiandika kwa furaha aliyoificha kwa kukunja uso.

Halafu Skander akasimama. Mtoto mzuri yule, mrefu, sauti ya mtangazaji. Akasema hayo mengine wanaweza kuyaacha, kwa sababu mdahalo huu utaamuliwa na jambo moja tu, nalo ni heshima. "Hakuna mtu mwenye kujiheshimu," alisema, "anayevaa kwa hiari yake nguo aliyoivua mgeni. Mitumba ni vazi la mtu aliyekata tamaa." Akageuka huku na huku ili wote wamwone, na ile nembo ya makasia ikameremeta kifuani kwake.

Katika mdahalo, mpinzani anaruhusiwa kusimama na kuomba kuuliza. Rihem alisimama na mkono juu. Skander akainamisha kichwa kwa adabu, "Karibu, dada." Rihem akafungua mdomo, akalitazama lile koti kuanzia vifungo mpaka kola. Beya alijikuta akikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia.

"Basi," alisema Rihem. "Endelea."

Akakaa. Na tangu hapo mpaka mwisho, si yeye wala wenzake, hakuna aliyegusa tena neno heshima. Skander alilirudia mara nne.

Sasa, stooni, Si Lamjed alikuwa akigonga meza kwa kidole. "Unataka kuniambia sisi watu wazima watatu tujifanye hatukuona?"

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe hilo koti ulilovaa limetoka wapi?"

"Kwa Mbarka, rundo la kushoto. Na kofia yako?"

"Kofia yangu ni zawadi. Kanipa mke wangu."

"Naye kaipata wapi? Nilikuwa naye, Si Lamjed. Tuliigombania."

Si Lamjed akaivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. "Haya ndiyo ninayosema. Ukweli uko wazi. Mtoto ana haki ya ukweli."

"Ukweli uko wazi, naye hakuusema! Nikimsemea mimi leo, kesho utamsemea wewe unayempenda, na kesho kutwa huyu Olfa atamsemea wa kwake, na watoto watakuwa wanakuja hapa kusimama kama mishumaa wakati sisi tunajadiliana wenyewe kwa wenyewe. Olfa, wewe umeandika nini?"

"Skander," alisema Olfa kwa sauti ndogo. "Kwa tofauti ndogo sana. Lakini kama nyinyi..."

"Usiseme kama sisi. Umeandika, umeandika."

Kura zikawa moja kila upande, akabaki yeye. Beya akakaa kwa mara ya kwanza. Akajiuliza swali alilozoea kujiuliza: je, namminya huyu mtoto kwa sababu ni jirani yangu, ili watu waone sipendelei? Maana kuna waamuzi wa namna hiyo, wanaoogopa kuegemea kulia mpaka wanaangukia kushoto, na wanajiita wa haki. Akawabadilisha kichwani. Akamfanya Rihem mtoto wa daktari wa meno asiyemjua, akamfanya Skander jirani wa ukuta mmoja. Akaupitisha mdahalo wote upya, maneno yaleyale, ukimya uleule. Jibu likatoka lilelile, nalo likamuudhi kama ankara ya umeme.

"Skander," alisema.

"Mungu akusamehe," alisema Si Lamjed.

"Na wewe akufupishie hotuba. Wewe umeshindwa kura, kwa hiyo sababu nazitoa mimi. Ndiyo kanuni."

"Kanuni naijua."

Aliijua, lakini alikuwa amekingojea kile kipaza sauti wiki nzima, na mstari wa mbele alikuwa amekaa mkuu wa wilaya. Walipotoka alikishika kwa mikono miwili. Akasifu lugha, akasifu bustani ya maneno, akawasifu mama wa taifa na walimu wa taifa. Akamwambia Rihem kwamba yeye ni kama alfajiri. Halafu, kwa pumzi moja kama mtu anayetema mbegu, akasema aliyeshinda ni Skander kwa kura mbili kwa moja, akashukuru, akakaa.

Beya akamvuta koti. "Sababu! Nipe hicho kitu nitoe sababu!"

Hakuna aliyesikia. Wenzake Skander walikuwa wamekwisha kumnyanyua mabegani, wazazi wa upande wa pili walikuwa wakipiga kelele za "aibu, aibu", na mlinzi wa Sfax, ambaye peke yake hakuwa na ndugu pale, alikuwa akizima taa ili aende kwake. Rihem alitoka kwa mlango wa nyuma, skafu ikiburuta.

Na hapo ndipo deni lilipozaliwa. Aliyeshindwa mdahalo hana kikombe, hana safari, hana picha. Ana kitu kimoja tu, kuambiwa usoni kwa nini ameshindwa, na baada ya hapo kuuliza swali moja. Waamuzi wanadaiwa hilo siku hiyohiyo. Mtu asipopewa, anakwenda nyumbani na hukumu tupu, na hukumu tupu mtu huijaza mwenyewe kwa yale mabaya anayoyajua juu ya wenzake.

Mtaa ulianza kuijaza mara moja. Muuza mkate alimtupia Beya mkate juu ya kaunta. "Chukua, mama wa haki. Wa mtaani kwako hukumwona?"

"Nilimwona na nikamsikia. Wewe hata ukumbini hukuwepo."

"Nilisimuliwa."

"Basi na mkate wako nitakula kwa kusimuliwa. Nirudishie chenji."

Kwa muuza mboga ilikuwa mbaya zaidi. "Daktari wa meno kakupa nini, Lalla Beya?"

"Kanipa jino. Unalitaka? Maana yako naona yamebaki mawili."

Hayo aliyamudu. Lililomshinda ni la ukutani. Kwa miaka yote hiyo yeye na Mbarka walikuwa wakianika nguo juu ya mapaa yao bapa, wakizungumza kupitia ukuta unaofika kifuani, wakipeana vibanio na kuwateta waume wa watu. Sasa Mbarka aliihamisha kamba yake upande wa pili, kusikofika jua, nguo zake zikawa zinaning'inia mbichi siku nzima kwa ukaidi tu.

Beya akaenda kubisha hodi.

"Rihem hayupo," Mbarka alijibu bila kufungua.

Ndani mtu akakohoa.

"Mbarka, nimemsikia akikohoa."

"Huyo anayekohoa ndiye hayupo."

"Nataka dakika chache tu nimweleze."

"Ulikuwa na ukumbi mzima na kipaza sauti, hukueleza. Sasa unataka kueleza kwenye tundu la ufunguo? Nenda, dada yangu, chakula kinaungua."

Hakukuwa na harufu ya chakula chochote.

Akamfuata Si Lamjed mkahawani ili aende yeye, kwa kuwa kosa la kipaza sauti lilikuwa lake. Si Lamjed alikuwa na chai mbele yake na kifurushi cha kitambaa kando.

"Sababu zilikuwa zenu," alisema. "Mimi kura yangu nilimpa binti. Kule kwao mimi ni mtu. Tazama, Mbarka kaniletea mkate wa tabouna, wa tanuri la udongo."

"Unakula mkate wa watu kwa kura iliyoshindwa, na kwa kazi uliyoiharibu? Mkate huo ni wa uongo, Si Lamjed."

"Ni wa shayiri," alisema Si Lamjed, akakata kipande.

Kilichommaliza ni Mourad, aliyekuja tena kuketi ndani ya kigari na kujifunga mkanda, safari hii bila utani. "Rihem ameacha klabu. Ndiye msemaji wetu bora, Khalti. Nimembembeleza, kakataa. Amesema hasimami tena mbele ya watu wanaohukumu halafu wanakimbia."

"Wanakimbia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi nimekimbia?" Beya akapiga usukani, honi ikalia, mbwa akaruka. "Mtoto ninayemjua tangu nepi! Aniambie sijui kuhukumu, sawa. Aniambie nakimbia? Shuka, Mourad. Shuka nisije nikakufunza gia."

Jumapili alifuta masomo yote na kwenda sokoni.

Mbarka alikuwa juu ya boksi, sauti imeshakwaruza. "Dinari mbili, dinari mbili! Geuza, chambua, uchague! Mama, hiyo usiivute, itanyooka mpaka Algeria!" Nyuma yake Rihem alikuwa akikunja sweta na kuzipanga, kofia imemfunika mpaka nyusi. Alimwona Beya, akazidisha kasi ya kukunja.

"Karibu, mteja," alisema Mbarka.

"Sikuja kununua."

"Basi unawazibia wanaonunua."

"Nina deni kwa binti yako, nimekuja kulilipa. Ukitaka kunifukuza nifukuze baada ya hapo." Na kwa kuwa njia ilikuwa imejaa watu, Beya akapanda juu ya turubai lenyewe lililotandazwa nguo, akasimama mbele ya Rihem. Wanawake waliokuwa wakichambua hawakuacha kuchambua, lakini mikono yao ikaanza kugeuza kitu kilekile kimoja.

"Rihem. Ulishindwa kwa kura mbili kwa moja, na moja ya hizo mbili ni yangu. Sababu zilipaswa kusemwa ukumbini, hazikusemwa, na kwa hilo sisi ndio wenye makosa. Sasa nisikilize."

Rihem hakuinua uso, lakini hakukunja tena.

"Kwenye kazi za watu uliwashinda. Nimeiandika hiyo kwako. Kwenye magonjwa uliwashinda, hata mwalimu wao alijua. Lakini wao wakasema mdahalo huu utaamuliwa na heshima. Wewe hukutuambia utaamuliwa na kingine. Walilisema mara nne, na hukuligusa hata mara moja. Ulisimama, ukakaa. Nyumba yao yote waliijenga juu ya lile neno, na wewe ukapita nje yake ukisifia bustani yako. Mimi siruhusiwi kukubomolea."

"Nilikuwa na jibu," alisema Rihem.

"Najua."

"Unajua?"

"Ukumbi mzima ulijua. Unafikiri mlinzi peke yake ndiye aliyekuwa na macho?"

Rihem akamtazama mama yake, halafu akashusha sauti. "Sasa ningesema nini? Mteja ni mteja. Mama kasema kazi hii haina mdomo, huwezi kumtaja mtu na nguo aliyonunua. Hata ukikutana naye njiani amevaa, unaangalia juu."

"Ndivyo ilivyo," alidakia Mbarka kutoka juu ya boksi, kifua mbele. "Nimevalisha nusu ya mji huu. Nimevalisha mabibi arusi. Ningekuwa na mdomo, watu wangekwenda kununua Jendouba. Unaona, Beya? Mtoto kafunzwa adabu, wewe ukamkata alama kwa adabu yake."

Wanawake wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Beya akahisi uchovu mkubwa, kama ule wa kumwona mwanafunzi akizima gari katikati ya mzunguko kwa mara ya kumi.

"Hakuna aliyekwambia umtaje yeye," alisema. "Wewe ulikuwa umevaa nini siku ile?"

Rihem akaivuta kofia chini zaidi.

"Ile blauzi nyeupe?" Beya alimkumbusha.

"Ya hapa."

"Viatu?"

"Vya hapa."

"Ungesema hivyo tu. 'Mimi ninayezungumza nanyi nimevaa mitumba kuanzia kola mpaka kisigino, na tamaa sijaikata.' Mteja gani angetajika hapo?"

Mbarka alishuka kwenye boksi. Alimgeukia binti yake, na ile sauti ya dinari mbili ilikuwa imekwisha. "Mimi nilikwambia usiseme ya wateja. Nilikwambia lini usiseme yako?"

"Mama, mbele ya mkuu wa wilaya? Mbele ya Skander?"

Mbarka alichukua koti kutoka kwenye rundo, akalikung'uta kwa nguvu, vumbi likapaa, akalikung'uta tena ingawa halikuwa na vumbi lililobaki. Beya akatazama pembeni. Hayo hayakuwa yake kuamua.

"Una haki ya swali moja," alimwambia Rihem baada ya muda. "Uliza."

Rihem alijifuta mikono kwenye suruali. "Ningesema hivyo, ningeshinda?"

Wachambuaji wakaacha hata kujifanya wanachambua. Beya alitamani kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno, na angelisema, kamba ya Mbarka ingerudi juani siku hiyohiyo.

"Sijui."

"Khalti!"

"Sijui, mwanangu. Pengine Skander angekuwa na jibu. Pengine angekuwa na jibu zuri kuliko lako. Mimi nimepima yaliyosemwa. Yasiyosemwa sina mizani yake."

"Mwambie ndiyo, mama, mtoto afurahi!" alipiga kelele mwanamke mmoja mwenye soksi mkononi.

"Wewe tafuta mwenzake wa hiyo soksi, uache kuhukumu."

"Si Lamjed anasema nilishinda kwa kila kitu," alisema Rihem.

"Alikwambia kwa nini?"

Rihem alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, nyusi zimekutana. "Alisema mimi ni kama alfajiri."

"Sawa. Nenda nayo kwenye mdahalo ujao, uone itakujibia nini."

Kona ya mdomo wa Rihem ikatikisika, akaizuia. Akachukua sweta, akaikunja mikono ndani, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha. "Mourad anakutana na watu siku gani siku hizi?"

"Siku ileile. Muulize mwenyewe, mimi si posta."

"Nitamuuliza." Akainua uso na kumtazama Beya moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Haya, Khalti. Hatudaiani."

"Nyinyi hamdaiani," alisema Mbarka, akipanda tena kwenye boksi lake. "Na mimi je?"

"Wewe sikukuhukumu."

"Basi shuka hapo, Beya, umesimama juu ya sweta za dinari tano."